Mama yuko kwenye digoksini, Lasix na warfarini, kaongezewa amiodaroni. Sasa hataki kula na anaona njano

Mwalimu wa Rungwe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba msaada wa mtu anayezijua dawa za moyo.

Mama yangu ana miaka 66, anaishi Tukuyu, mimi nafundisha Mbeya mjini. Mapigo yake ya moyo hayana mpangilio. Daktari alitueleza kuwa vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu, na ECHO, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha valvu moja ya upande wa kushoto imebana. Kwa muda mrefu amekuwa akimeza digoksini 0.25 mg asubuhi, Lasix 40 mg, na warfarini ya kuzuia damu kuganda, 5 mg usiku. Alikuwa vizuri kabisa, migomba yake anapalilia mwenyewe na kanisani anakwenda kwa miguu.

Mwezi uliopita moyo ukaanza tena kwenda mbio. Tukampeleka hospitali kubwa, wakamwongezea amiodaroni ya kutuliza mapigo, 200 mg, wiki ya kwanza mara tatu kwa siku, ya pili mara mbili, baada ya hapo kimoja kila siku. Zile za zamani karatasi inasema aendelee nazo kama kawaida. Kliniki ni baada ya miezi mitatu.

Tangu wiki iliyopita hali imegeuka. Kande anayoipenda anaisukuma pembeni. Kichefuchefu hakimwachi, na kutoka chumbani kwenda jikoni anapumzika njiani. Akipiga mswaki fizi zinatoa damu. Jana kwenye simu aliniambia taa ya sebuleni ina duara la njano. Dada yangu alipita duka la dawa la jirani, wakamwambia hiyo ni malaria na taifodi kwa pamoja, wakampa mseto na siprofloksasini. Hajapimwa chochote. Nimewaambia wasimpe mpaka niulize.

Je, aanze mseto? Na kuna dawa ya kusimamisha?

Mama Famasia, Mbeya

Marahaba mwanangu. Acha kusoma hapa, mpigie dada yako simu. Mama aende hospitali usiku huu huu, hospitali yenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na maabara, na dawa zake zote ziende naye kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la jirani. Digoksini na warfarini asimeze nyingine kabla daktari hajamwona. Mseto na siprofloksasini zibaki kwenye bahasha. Akizimia njiani au akiwa mzito upande mmoja wa mwili, mwambie dereva asisimame popote. Ukishampigia, rudi usome yaliyobaki.

Nimefanya kazi ya famasi hapa Mbeya hadi nikastaafu, na wagonjwa wa dawa hizi nimewaona wengi dirishani. Ulichoeleza hakifanani na malaria. Kinafanana na digoksini iliyozidi mwilini. Mgonjwa anakataa chakula, anachefuka, anachoka, anaona njano au kijani kuzunguka taa, na mapigo yanashuka. Dalili za mwanzo ni za tumbo, ndiyo maana watu wanakimbilia kutibu taifodi huku sababu inaendelea kumezwa kila asubuhi.

Imezidije, na hajaongeza kidonge? Amiodaroni inazuia mwili kuitoa digoksini. Kiwango chake kwenye damu kinaweza kukaribia mara mbili ya kile cha zamani, wakati mama anameza kipimo kilekile. Ndiyo sababu, mtu akianzishiwa amiodaroni, kawaida digoksini inapunguzwa hadi nusu au inasimamishwa kwanza. Na digoksini haina nafasi ya kucheza, kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru pana wembamba sana. Kwa mtu wa miaka 66 figo nazo hazifanyi kazi kama za kijana, na digoksini inatoka kwa njia ya figo. Kwa wazee wengi nusu ya kile kidonge cha 0.25 inatosha tangu mwanzo.

Kisha Lasix. Inatoa maji, na potasiamu inatoka na mkojo. Potasiamu ikishuka, digoksini inakuwa kali zaidi kwa moyo hata kama kiwango chake hakijabadilika. Asiyekula na anayetapika anaipoteza zaidi, hivyo kila siku mnayosubiri inamwongezea hatari.

Hizo fizi nazo zinanitia wasiwasi. Amiodaroni inazuia pia warfarini isivunjwe na ini. INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, inapanda polepole, wiki baada ya wiki, na mtu anaweza kuendelea na kazi zake mpaka siku anayotokwa damu pasipoonekana. Mwambie daktari kuhusu fizi. Mwulizeni mama kama choo ni cheusi, na kama ameanguka au kujigonga kichwa.

Mseto wa malaria ni dawa nzuri na umeokoa watoto wetu wengi. Ila dawa moja kati ya mbili zilizomo, lumefantrini, inaweza kurefusha muda ambao moyo unajipanga upya kati ya pigo na pigo. Amiodaroni inafanya hivyohivyo, na siprofloksasini pia. Ukizirundika kwa mtu mwenye potasiamu ya chini unaukaribisha mpigo wa hatari ambao unaweza kumwangusha mtu ghafla. Sisemi malaria isitibiwe. Apimwe kwanza. Ikiwepo, daktari achague tiba akiwa anaona ECG.

Waambieni wampime mapigo kwa dakika nzima, ECG, potasiamu, kreatinini (kipimo cha figo), INR na kipimo cha haraka cha malaria. Kiwango cha digoksini kikipatikana, vizuri. Kisipopatikana, matibabu yasisubiri.

Mdau wa Makambako

Mwalimu, pole. Mimi ushauri wangu ni tofauti. Mama yangu mdogo alikuwa na shida hiyohiyo, akaacha vidonge vyote akawa anakunywa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Moyo ukatulia. Hizi dawa za viwandani ni sumu, majani hayana madhara.

Mama Famasia, Mbeya

Ndugu yangu, namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yako mdogo, ila usimshauri mwenzako hivyo. Mpigo wa aina hii kwa baadhi ya watu unakuja na kuondoka wenyewe, hivyo kutulia kwake hakuthibitishi kilichomtuliza. Na hatari yake kubwa haisikiki. Damu inayotuama kwenye vyumba vinavyotetemeka inaganda, bonge linapanda kichwani, mtu anaamka na kiharusi. Warfarini anamezeshwa kwa ajili hiyo. Akiacha kimyakimya hatasikia tofauti yoyote mpaka siku ya kiharusi.

Na majani hayana madhara? Digoksini yenyewe imetoka kwenye jani. Mwaka 1785 daktari wa Uingereza, William Withering, aliandika jinsi mmea unaoitwa dijitalisi unavyowasaidia waliovimba miguu kwa ugonjwa wa moyo. Katika maandishi hayohayo alieleza kuwa ukizidisha, mgonjwa anatapika, mapigo yanashuka, na anaviona vitu vya kijani na njano. Ni kile anachokiona mama wa Mwalimu leo. Kidonge kimekuja ili kipimo kijulikane, maana majani mawili ya mti mmoja hayana nguvu sawa.

Kitunguu saumu cha kwenye mboga hakina neno. Kile cha kusaga na kunywa glasi asubuhi na jioni, kwa mtu wa warfarini, kinaweza kuongeza kutokwa damu.

Baba Wawili, Iringa

Kamwene wote. Mwalimu, mdogo wangu, msikilize huyo mama. Mimi nina valvu ya chuma niliyowekewa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Shida yangu ilianza na mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Warfarini nitameza maisha yangu yote.

Naongeza la mtaani tu. Watu wa duka la dawa hawajui unachomeza usipowaambia, na wewe ukifika pale umeshika mgongo unasahau kuwaambia. Mimi nakata maneno mapema: "Natumia warfarini, usinipe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, na sindano ya msuli sitaki." Maumivu natumia panadol kwa kipimo cha kawaida. Fundi wa meno namwambia kabla sijakaa kitini. Flagyl na Septrin nazo zinapandisha INR sana, na hizo ndizo tunazopewa kila tumbo likiuma.

Mboga za majani niliambiwa nisiache, nile kiasi kilekile wiki hadi wiki. Masika mchicha na majani ya maboga yanapojaa sokoni watu wanakula sahani nzima, INR inashuka. Kiangazi wanakosa, inapanda. Daktari akibadilisha kipimo kwa kufuata sahani yako, mtazunguka mwaka mzima.

Halafu uliza kama mama anaweza kuhamia zile dawa mpya zisizohitaji INR. Mimi nilikataliwa kwa sababu ya chuma.

Mwalimu wa Rungwe

Shikamoo mama, na kaka wa Iringa asante sana. Ndaga fijo.

Tulimpeleka usiku uleule. Mapigo yalikuwa 42 kwa dakika. Malaria hamna. Potasiamu 2.9, INR 6.1. Kiwango cha digoksini hawana kipimo, lakini daktari alipoona ECG na kusikia habari ya taa ya njano alisema hahitaji kusubiri. Digoksini imesimamishwa, warfarini imesimamishwa mpaka INR ishuke, wanamrudishia potasiamu taratibu huku mashine inaangalia moyo. Habari ya amiodaroni wanazungumza na daktari bingwa. Leo mchana ameomba uji, akaunywa wote.

Nina hasira, sitaficha. Lakini nataka zaidi kujua tufanye nini akitoka. Na naona kitu kimoja kinanisumbua, inakuwaje dawa ya kutuliza mapigo ndiyo inayoyaharibu?

Mama Famasia, Mbeya

Uji umenifurahisha mno, mwanangu. Mungu aendelee.

Swali lako ni la haki. Dawa zinazogusa umeme wa moyo zinaweza kuurekebisha, na zinaweza kuuvuruga. Hili lilithibitishwa kwa uchungu. Miaka ya themanini, Marekani, wagonjwa waliopona shambulio la moyo walipewa flekainidi na enkainidi ili kuzima mapigo ya ziada. Mapigo yalizimika kweli kwenye karatasi ya ECG. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1989, waliopewa dawa walikuwa wamekufa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tangu hapo daktari makini anajiuliza kwanza kama huyu anahitaji kurudishiwa mpangilio, au inatosha kupunguza kasi na kuzuia damu kuganda. Kwa wengi inatosha. Nenda umwulize bingwa swali hilohilo kuhusu mama, kwa heshima, na usione haya.

Sasa kuhusu kutoka. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wagonjwa wetu wanapopotea. Ndani ya wodi kuna macho mengi. Nyumbani Tukuyu kuna mama, dada yako na mfuko wa nailoni.

Msiondoke hospitali bila karatasi inayosema kila dawa kwa jina, nguvu, saa na sababu, pamoja na zile *zilizoachishwa*. Mstari wa zilizoachishwa ndio unaokosekana mara nyingi. Mkifika nyumbani, digoksini ya zamani itoeni kwenye kabati, irudisheni famasi. Mzee akiikuta anaimeza, maana ndiyo aliyoizoea. Vidonge vikae kwenye pakiti zake, msivimwage pamoja kwenye kikopo. Kama ataendelea na digoksini siku za mbele, jihadharini na maandishi: 0.25 mg na mikrogramu 250 ni kipimo kilekile, na kuna kidonge kingine cha nusu yake. Nimeona watu wakimeza viwili wakidhani wamepewa kidogo.

Mapigo: dada yako ajifunze kuyahesabu kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mpigo usio na mpangilio kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne kunadanganya. Ahesabu kabla ya dawa za asubuhi na kuandika daftarini. Chini ya 60, asimpe dawa inayopunguza mapigo kabla ya kupiga simu kliniki. Chini ya 50 na ana kizunguzungu, ni safari ya hospitali.

Wakimwandikia atenololi au bisoprololi kupunguza kasi, isikatwe ghafla hata vidonge vikiisha siku ya mvua. Ikikatwa moyo unaruka juu kwa nguvu. Kwa hiyo nunueni kabla boksi halijafika mwisho. Na kama mama ana pumu, semeni mapema. Akiwa anatumia atenololi au bisoprololi, mtu asimwongezee verapamili, dawa nyingine ya kupunguza mapigo, bila daktari wa moyo kujua.

Amiodaroni ikiendelea, inataka ulinzi wa namna yake. Kidonge kimoja cha 200 kina iodini nyingi, kama miligramu 75, kwa hiyo tezi ya shingoni inaweza kulala au kuchachamaa. Apimwe tezi na ini mwanzoni na kila baada ya miezi sita, na picha ya kifua iwepo ya kulinganishia. Akianza kikohozi kikavu na pumzi fupi, msikubali kuzungushwa na dawa za kifua tu. TB ipimwe, ndiyo, ila daktari akumbushwe kuwa anatumia amiodaroni, kwa sababu inaweza kuumiza mapafu. Shambani avae mikono mirefu na kofia, jua la huku juu ni kali hata kukiwa na baridi, na dawa hii inaifanya ngozi iungue upesi. Balungi aliache.

Na hata wakiisimamisha leo, haitoki leo. Inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole kwa wiki na miezi. Kwa hiyo kipimo cha warfarini kitabadilika tena wakati inatoka. INR ipimwe kila wiki mpaka itulie, msisubiri miezi mitatu. Kwa tatizo lake lengo kawaida ni kati ya 2 na 3. Baba Wawili wa chuma anaweza kuwa na lengo la juu zaidi, msilinganishe.

Kuhusu dawa mpya, kaka wa Iringa amegusa jambo la msingi. Rivaroksabani na wenzake ni nafuu kubwa kwa wengi, lakini siyo kwa valvu ya chuma. Kwa valvu iliyobana kutokana na homa inayofuata mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulikuta wagonjwa wa dawa za kundi la warfarini walifanya vizuri kuliko wa rivaroksabani. Mwalimu, umesema valvu ya mama imebana. Ulizeni imebana kiasi gani na kwa nini, kabla mtu hajawauzia boksi la bei kubwa.

Ndizi, viazi, maharage na parachichi za Rungwe zina potasiamu nzuri, ale. Lakini asipewe vidonge vya potasiamu kwa ushauri wa jirani. Figo zikiwa dhaifu, au akiwa na Aldactone (dawa ya kutoa maji inayobakiza potasiamu), inaweza kuzidi, na ikizidi nayo inasimamisha moyo.

Hasira yako ina haki. Andika malalamiko kwa utulivu, na mwambie mfamasia wa hospitali ajaze fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Fomu ile haimshtaki mtu, inasaidia mama wa mwingine.

Mwalimu wa Rungwe

Mama, nimeandika yote kwenye daftari. Mawili ya mwisho. Akisahau warfarini usiku afanyeje? Na mwezi ujao kuna mavuno ya mpunga kwa mjomba Kyela, ameshaanza kuuliza kama ataruhusiwa.

Mama Famasia, Mbeya

Akikumbuka kabla ya kulala au usiku huohuo, ameze. Akikumbuka kesho yake, aliyoikosa imepita, ameze ya kesho kwa saa yake na asimeze mbili. Aweke alama daftarini ili wanaosoma INR wajue.

Kyela ataamua daktari baada ya INR mbili zilizotulia na potasiamu nzuri. Akiruhusiwa, alale ndani ya chandarua, kule mbu si kama wa Tukuyu. Dawa akae nazo kwenye pochi yake, zisiingie kwenye buti la gari. Joto la ziwani, jasho na kuharisha vinapunguza maji na potasiamu, na Lasix inaendelea kuvitoa, kwa hiyo akiharisha apige simu siku hiyohiyo. Homa ikimshika, kipimo kwanza, na kabla ya kupokea kidonge chochote atoe kadi. Kadi iandikwe kwa herufi kubwa: jina lake, warfarini, amiodaroni kama ameimeza miezi ya karibuni, INR ya mwisho na tarehe yake, namba yako na ya kliniki. Mjomba apewe nakala.

Baba Wawili, Iringa

Kadi yangu niliipeleka steshenari ikawekwa plastiki, mvua haiigusi. Ila sehemu ya INR acha wazi nyuma, ubandike karatasi, maana inabadilika.